Deni la Timu Huishia Nyumbani

Ofisi ninayofanyia kazi iko Kiyovu, katikati ya mji wa Kigali. Zamani wenyeji waliugawa mtaa huu sehemu mbili: Kiyovu ya matajiri, kule juu penye miti na majumba yenye bustani, na Kiyovu ya maskini, kule chini ambako nyumba ndogo zilibanana. Ile ya maskini ilibomolewa mwaka 2008, na wakazi wake wengi wakahamishiwa Batsinda. Siku hizi mtu akilitaja jina la Kiyovu penye chai, aghalabu hazungumzii mtaa. Anazungumzia timu ya kandanda.

Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na mara ya mwisho kutwaa ubingwa wa nchi ilikuwa mwaka 1993. Mwaka 2017 ilimaliza ligi katika nafasi ya kushuka daraja, ikanusurika kwa kuwa timu nyingine, Isonga, ilijitoa. Katika msimu wa 2022/23 ilishika nafasi ya pili nyuma ya APR, na wapenzi wake wakaanza kuota kombe. Haukupita muda mrefu, wachezaji wa zamani wakadai haki zao, na FIFA ikaizuia timu kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe madeni.

Msomaji ataniuliza: timu iliyokaribia ubingwa inawezaje kufikia hali hiyo? Jibu ni kwamba mabao na fedha ni vitu viwili mbalimbali. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mshahara wa miezi miwili kutoa notisi ya siku 15, na asipolipwa, kuuvunja mkataba wake. Klabu inayokaidi kulipa yaweza kuzuiliwa kusajili hadi vipindi vitatu mfululizo. Viongozi wapya hurithi madeni ya viongozi waliopita, kama vile mtoto arithivyo shamba lililowekwa rehani.

Ikiwa hayo huipata timu yenye jina na historia, yafikirieni yanayozipata timu za daraja la pili. Hayo ninayajua, maana nilikuwamo.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali. Kwa sababu hiyo, viongozi wa timu moja ndogo ya mtaani kwetu walinijia jioni moja wakaniomba niwe mtunza hazina. "Mwalimu," walisema, "wewe una mwandiko mzuri." Nilikubali kwa furaha. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba hazina niliyopewa niitunze ilikuwa daftari tu.

Timu za nchini mwetu, kwa jinsi nilivyoziona, zina matumbo sawa lakini hazina jiko moja. Ziko zilizo chini ya taasisi, kama APR ya jeshi, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Police FC ya polisi. Ziko zinazosaidiwa na wilaya. Kisha ziko zinazomtegemea mtu mmoja mwenye duka au kampuni, ambaye watu humwita mwenye timu. Timu ya namna hii hushiba siku mwenyewe aliposhiba, na hulala njaa siku biashara yake ilipolala. Wala hatari hiyo si ya wadogo peke yao. Timu ya ATRACO, iliyolishwa na chama cha wasafirishaji, ilitwaa ubingwa wa Rwanda mwaka 2008 na Kombe la Kagame mwaka 2009. Leo chama hicho hakipo, na timu nayo haipo.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa mwizi, na naomba jambo hili lieleweke tangu mwanzo. Alinunua jezi, alilipa mwamuzi, aliwanunulia vijana maji na mikate. Lakini mwaka 2020 viwanja vilipofungwa kwa sababu ya korona, na ujenzi nao ukasimama kwa muda, duka lilipungua bidhaa. Viwanja vilipofunguliwa tena, vijana walirudi na miguu yao, ila mfuko wa mzee haukurudi. Golikipa wetu alikuwa fundi mwashi. Siku ya mazoezi alifika na saruji ukuchani. Kijana mwingine aliniomba faranga 3,000 za bima ya afya, nami katika daftari sikuwa na hata faranga 300.

Ndipo ikaja safari ya Rusizi. Kutoka Kigali hadi huko ni mwendo wa kutwa nzima, kuupita msitu wa Nyungwe. Ijumaa alasiri mwenye basi alisema hataliwasha bila kulipwa kwanza. Mwenyekiti alinipigia simu: "Mwalimu, tusipofika tutapigwa mpaga." Mpaga, kwa asiyejua, ni kufungwa mezani mabao matatu hata kabla mpira haujaguswa. Aliongeza kwamba kuna mfadhili aliyeahidi fedha, na kwamba Jumatatu asubuhi kila kitu kitarudishwa.

Nyumbani kwetu kulikuwa na faranga 180,000. Mke wangu alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, ambao hapa Rwanda tunauita ikimina, na fedha hizo zilikuwa karo ya muhula ya watoto wetu wawili. Nilijua zilipowekwa. Alikuwa ameenda kumwona mama yake mgonjwa. Nilizichukua, nikajiambia kuwa nazikopa, ingawa aliyestahili kuombwa mkopo huo hakuwapo wala hakuulizwa.

Vijana walifika Rusizi, wakacheza kwa moyo, wakafungwa bao moja. Jumatatu ikapita. Mfadhili aliyeahidi hakupokea tena simu. Jumatano mke wangu alifungua sanduku.

Ndugu wasomaji, nilitazamia makelele, nami nilikuwa nimeyatayarishia majibu. Hakupiga kelele. Aliketi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, hiyo timu ina wenyewe wangapi?" Nikamjibu kwamba ni timu ya mtaa mzima. Akasema, "Mtaa mzima, halafu basi limelipiwa na watoto wawili?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua mkopo wa mshahara, nikaulipa kwa miezi sita. Muda wote huo nyama tuliionja sikukuu tu, na mkubwa wetu alivaa viatu vilivyombana bila kulalamika. Fedha zilirudi sandukuni. Kilichochelewa kurudi ni ile desturi ya mke wangu ya kuliacha sanduku bila kufuli.

Baadaye nilikwenda kwa mwenyekiti kumdai. Nilimkuta dukani, rafu zikiwa nusu tupu. Alinifungulia daftari lake mwenyewe, kurasa kwa kurasa za fedha alizoitolea timu, na mwishoni bei ya kiwanja alichokiuza ili amalize mishahara ya msimu. Watoto wake walikuwa hawajajua kwamba kiwanja kimekwenda. "Mwalimu," aliniambia, "timu hii ni kitinda mimba wangu, lakini imewala kaka zake." Niliondoka bila kumdai tena. Tulikuwa watu wawili tuliofanya kosa lile lile, yeye kwa kiwanja, mimi kwa karo.

Jumapili moja ikimina ilikutana sebuleni kwetu. Nilikaa pembeni nikitazama. Wanawake kumi na wanane, wengi wao wauza mboga na washonaji, walikuwa na daftari moja linalosomwa kwa sauti mbele ya wote. Mama mwenyekiti alikuwa amechelewa robo saa. Akatozwa faini ya faranga 200, akalipa huku akicheka. Hakuna aliyeahidi asichokuwa nacho. Mimi mwenye cheti cha ualimu, niliyetunza hazina ya timu kwa misimu miwili, sikuwahi hata mara moja kulisoma daftari langu mbele ya wanachama.

Nililichukua somo hilo nikalipeleka kwenye mkutano wa timu. Nilisoma madeni yote kwa sauti, likiwamo la mwenyekiti. Baadhi waliinuka wakaondoka, maana walizoea kushangilia tu. Waliobaki, watu 41, walikubali kuchanga faranga 1,000 kila mwezi, na kutomwahidi mchezaji mshahara ambao michango haiwezi kuulipa. Safari za mbali tulizipangia bajeti kabla ratiba haijatoka. Msimu uliofuata hatukupanda daraja, na wachezaji wawili walio hodari walituhama. Lakini hakuna kijana aliyetudai, na mzee alianza kulipwa kidogo kidogo.

Ninyi askari na polisi, ambao timu zenu zina taasisi nyuma yake, huenda mkaona hadithi hii ni ya watu wengine. Lakini wengi wenu, siku ya mapumziko, huenda kuangalia timu ya mtaa mnakokaa, na pengine mtaombwa kuwa viongozi wake kwa kuwa mnaaminika. Msikatae. Ila kabla hamjakubali, ombeni daftari lisomwe, na wake zenu wawepo wakati linasomwa.

Mimi sasa si mtunza hazina tena. Kazi hiyo ameichukua mama mmoja kutoka ile ikimina. Jumamosi huenda uwanjani na mkubwa wangu. Mlangoni vijana wanaonijua huniambia, "Mwalimu, pita tu." Nasimama, nalipa kiingilio cha wawili, kisha tunaingia.