Sehemu ya 4: Kiwanja cha mteremko

Stori za kliniki leo zipumzike. Wengi mmeniuliza kuhusu nyumba yetu ya Mapinga, huku njia ya Bagamoyo, kwa nini imekaa vile.

Kiwanja chetu kinashuka. Juu kando ya barabara kuna mwembe mkubwa, chini mikorosho miwili. Fundi wa kwanza alipokuja hata hakuutazama mwembe. "Dada, tunaleta greda, tunakata, tunasawazisha, unapata nyumba kama ya wenzio." Baba watoto akaitikia. Mimi nikanyamaza, nawaza chumba tulichopanga: bati, dari ya chini, mti hakuna, na mwanangu wa miezi saba shingo yote vipele vya joto. Nesi mzima! Mchana nawaambia wenzangu wamvalishe mtoto nguo nyepesi za pamba, usiku wangu nampepea kwa kanga mpaka alfajiri.

Masika yaleyale, nyumba ya tatu kutoka kiwanjani kwetu, ule udongo waliokata wima uliporomoka usiku, ukuta wa nyuma ukalala jikoni. Mungu mkubwa, watoto walikuwa vyumba vya mbele. Huku kwetu ni kichanga jamani, ukishang'oa mizizi hakuna cha kukishika.

Tukaacha greda. Tukapata fundi mwingine, nyumba ikafuata kiwanja: upande wa barabarani imekaa chini, upande wa bondeni imesimama juu ya nguzo, sakafu ni moja, ngazi ndani hakuna. Chumba cha watoto kiko huko kwenye nguzo. Chini yake tunaanika nguo na mvua ikinyesha.

Hilo la watoto kulala juu sikuliota. Kijiji cha Magoda, Muheza kule Tanga, watafiti walijenga nyumba sita za majaribio, zinapitisha hewa na zina wavu. Usiku zilikuwa na ubaridi kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na zile za ghorofa ziliingiza mbu wachache sana. Baadaye Mtwara zikajengwa 110 kufuatilia afya za watoto. Nikasema, mie mteremko umenipa ghorofa ya bure. (Neti bado tunalalia, msininukuu vibaya.)

Bure si bure sana. Nguzo na nondo zilimeza hela ya marumaru, tumehamia kwenye saruji tupu. Pande ndefu tumezielekeza kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi ambazo hazina madirisha makubwa.

Kibaraza cha nyuma ndicho kilichonikosesha usingizi, maana ni juu na mtoto anatambaa. Nimepokea watoto walioanguka, najua. Nikamwambia fundi uwazi kati ya nondo usizidi sentimita 10, kichwa kisipenye, na asiweke nondo za kulala, mtoto atazipanda kama ngazi. Alinuna. Akang'oa, akaanza upya.

Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza alisimama barabarani, akapiga simu: "Mbona naona mwembe tu, nyumba iko wapi?" Akaingia, akazunguka, akauliza marumaru. Saa nane mchana, Februari hiyo, nikamkuta kalala chumba cha watoto, dirisha wazi, feni imezimwa.

Kesho: maji ya mvua na karo la choo kwenye mteremko.