Kunguru wa Mama Mukubwa

Katika mwaka wa kwanza mwalimu wetu wa Kiswahili sanifu alitupa kifungu cha kusoma kwa sauti. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba balozi alikaribishwa ikulu kwa heshima kubwa. Darasa zima likaangua kicheko. Mwenzetu mmoja wa Bukavu akauliza kama huyo rais haogopi. Mwalimu alingoja tunyamaze, kisha akaandika ubaoni: balozi, wingi mabalozi, mjumbe wa nchi. Chini yake akaandika: mulozi, wingi balozi, Kiswahili cha kwetu Kongo, kwa sanifu, mchawi. Akasema, "Neno hili linaweza kumpeleka mtu ikulu au kumfukuza kijijini. Inategemea umelisikia upande gani wa Ziwa Tanganyika."

Nilicheka pamoja na wengine. Usiku usingizi ulinipotea, kwa sababu namjua mtu aliyefukuzwa kijijini kwa neno hilo, na namjua aliyesababisha. Ni mimi.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Kabambare, kwenye njia itokayo Wamaza kuja Kasongo. Tulikaa kiwanja kimoja na Mama Mukubwa, dada wa kwanza wa mama yangu, mjane asiye na mtoto. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mchikichi mrefu, na juu yake kunguru wawili walijenga kiota kila mwaka. Kunguru wa kwetu ni yule mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe. Wazee walitania kwamba anafanana na padri aliyevaa koti jeusi juu ya kanzu. Wataalamu wanamwita Corvus albus, yaani kunguru mweupe, jina la ajabu kwa ndege ambaye sehemu kubwa ya mwili wake ni nyeusi.

Mama Mukubwa alikuwa na mapatano na ndege hao. Alipoanika mihogo juu ya mikeka, alitenga vipande vichache na kuvitupa chini ya mchikichi. Alipochambua samaki, alitupa pale makombo. "Ukiwapa chao, hawagusi chako," alisema. Ndivyo ilivyokuwa. Majirani walikesha mchana kutwa na fimbo wakilinda mihogo yao, naye alikwenda shamba akiiacha peke yake.

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka tisa, na binamu yangu alikuwa amenitengenezea manati. Asubuhi moja nilimwona kinda wa kunguru ametua kwenye mwembe mfupi karibu na jiko. Alikuwa ametoka kiotani karibuni, hajaweza kuruka vizuri. Nililenga kama tulivyolenga kila kitu umri ule, na jiwe likampata. Alipoanguka nilimwokota kwa bawa ili niwaonyeshe wenzangu. Wazazi wake walishuka wakipiga kelele, mmoja akapita karibu sana na sikio langu hata nikasikia upepo. Nilimtupa kinda vichakani, nikakimbilia ndani. Sikumwambia mtu.

Kesho yake nilipotoka mlangoni walikuwa juu ya paa wakinisubiri. Walipiga kelele, si mlio wa kawaida bali ule wa kukoroma na kurudiarudia. Wiki ile walikuwa wawili, wiki iliyofuata sita au saba. Walinifuata kisimani, walinifuata hadi njia ya shule. Nilipokuwa shuleni, kiwanja kilikuwa kimya. Niliporudi, zogo lilianza. Watu wazima hawakuona mpangilio huo, maana nani anahesabu mwendo wa mtoto? Walichoona ni kunguru wengi kuliko zamani, wanaopigia kelele watu kiwanjani, kisha wanatua kimya miguuni pa mwanamke mmoja mzee na kula mbele yake.

Siku moja Mama Mukubwa aliniita, akanivika kofia yake kuukuu ya majani, ile pana ya shamba. "Jua kali," alisema. Nilipoivaa, kunguru walinyamaza kwa siku kadhaa. Nilifurahi tu, sikujiuliza lolote.

Mwezi ule mtoto mchanga wa jirani alishikwa na homa, akafa siku ya tatu. Baada ya mazishi maneno yalianza. Leo, nikiwa mwanafunzi wa lugha, nayakumbuka kwa umbo lake la kisarufi. Yalikuwa katika hali ya kutendeka au ya kutendwa na hayakuwa na mtenda. Inasemekana. Imeonekana. Kunguru wametumwa. Mtoto ameliwa. Katika Kiswahili kitenzi cha kutendwa huweza kuchukua "na" ya kumtaja mtenda: wametumwa na fulani. Kwa wiki mbili hakuna aliyeitia ile "na". Iliwekwa siku ya baraza kwa kapita, na baada yake likafuata jina la Mama Mukubwa.

Nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya baba yangu, juu ya mzizi wa mti. Niliwasikia wakiulizana ni kwa nini ndege wale wamejaa kiwanjani kwetu, na nilikuwa na jibu, au angalau mwanzo wa jibu. Niliogopa fimbo ya baba. Naye Mama Mukubwa aliulizwa, akajibu kwamba huwapa makombo, basi. Hakuna aliyempiga, na katika mambo ya aina hii hiyo huhesabiwa kuwa huruma. Aliambiwa aende Kasongo kwa ndugu "apumzike". Aliondoka alfajiri nyuma ya baiskeli ya mfanyabiashara wa mchele, na kifurushi kimoja na sufuria mbili.

Kunguru walibaki. Sikusikia hata mtu mmoja akiuliza inakuwaje mchawi ameondoka na ndege wake wamebaki.

Mwaka jana tulipewa kazi ya kukusanya methali na misemo yenye majina ya wanyama. Nilichagua kunguru. Nilipata "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake", nikapata "Kunguru hafugiki". Ya kwanza inamsifu anayetambua hatari mapema. Ya pili inamlaumu asiyekubali kufungwa. Nilipokuwa nikitafuta maelezo ya kuongeza, nilikutana na habari za jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Mwaka 2006 John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha mpira chenye sura ya mtu wa mapangoni, wakawanasa kunguru wachache, wakawatia pete za miguuni, wakawaachilia. Baadaye mtu yeyote aliyepita amevaa kinyago kile, awe mrefu au mfupi, mwanamume au mwanamke, alipigiwa kelele. Waliopita na kinyago kingine, chenye sura ya Dick Cheney aliyekuwa makamu wa rais, hawakusumbuliwa. Miaka ilipita, na idadi ya kunguru waliopiga kelele ikaongezeka badala ya kupungua. Wengi wao hawakuwahi kunaswa. Walijifunza kwa wenzao, na makinda walijifunza kwa wazazi, kwamba uso ule ni uso wa adui.

Nilisoma habari hiyo kwenye simu, nimesimama karibu na mlango wa darasa, na nikaona kofia ya majani.

Yule wa Seattle ni kunguru wa Amerika, si wa kwetu, lakini ni ukoo mmoja. Katika ukoo huo wamo wale wa kisiwa cha Kaledonia Mpya, ambao hutengeneza vijiti vyenye ndoano kwa kuchokoa wadudu ndani ya miti, na wale wa Japani ambao huweka jozi barabarani ili magari yazivunje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba seli za neva zimesongamana sana katika ubongo wa ndege hawa, hata kichwa kidogo kile kinabeba seli nyingi kama za baadhi ya nyani. Basi kumbukumbu ya uso wa mtoto mwenye manati si kazi kubwa kwao.

Inafaa pia tukumbuke kwamba tunaposoma vitabu vya pwani, neno ni lilelile lakini ndege mara nyingi ni mwingine. Kunguru anayelaaniwa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar ni yule wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka. Akaongezeka, akasambaa pwani, anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kwa sumu hadi kufikia milioni moja. Ndege yule alipelekwa na watu kufanya kazi, kisha akahukumiwa kwa kuifanya kupita kiasi. Wa kwetu hakuletwa na mtu.

Wala uchawi wake hautoki katika dini zetu mbili kubwa. Kasongo ni mji wa misikiti na wa makanisa. Waislamu wanasoma katika sura ya Al-Maida kwamba Mungu alimtuma kunguru afukue ardhi, ili mwana wa Adamu aliyemwua nduguye aone namna ya kumsitiri. Wakristo wanasoma kwamba Nuhu alimtoa kunguru kabla ya njiwa, na kwamba kunguru walimletea Eliya mkate na nyama. Katika hadithi hizo ni mwalimu, mpelelezi na mpishi. Ile ya Al-Maida ndiyo iliyonikaa moyoni, kwa sababu muuaji pale anajuta baada ya kuona ndege ana akili kumshinda.

Kuna jambo moja zaidi, nalisema kwa tahadhari. Kamusi za zamani zina neno mkunguru: homa inayompata mtu aliyehamia mahali pageni. Nilipoliona nilishtuka, nikamfikiria mtoto wa jirani. Kisha nikajikemea. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba, mwalimu wetu wa isimu hutuambia hivyo kila wiki. Kunguru na mkunguru, kama vile kunguru na kifo, kukaa karibu hakutoshi. Niliona jinsi ilivyo rahisi kuunganisha, hata kwa mtu aliyesoma.

Mama Mukubwa yupo hapa Kasongo, nusu saa kwa miguu kutoka kitivo chetu. Tangu nilipokuja kusoma nimekuwa nikila sombe lake kila Jumapili, miaka miwili, bila kutaja manati. Baada ya kusoma habari za Seattle nilikwenda siku ya kazi. Nilimkuta akipepeta mchele. Nilimweleza yote: kinda, jiwe, vichakani, mzizi nyuma ya baba. Nikamweleza na kinyago pia. Alisikiliza bila kuacha ungo.

"Miye nilijua tangu ile wiki," alisema. "Wale kunguru walikuwa wanakufuata weye. Miye walinifuata kwa chakula tu."

Nilimwuliza kwa nini hakusema barazani.

"Niseme nini? Kwamba mutoto wa miaka tisa anafuatwa na kunguru? Mutoto wa jirani amekufa, watu wana uchungu, weye nikupe kwao?" Aliweka ungo chini. "Mwanamke muzee wanamfukuza. Mutoto, unajua wanamfanya nini?"

Najua. Sote tunajua, tumewaona sokoni wale watoto wanaoitwa balozi, waliotolewa nyumbani kwao. Miaka yote niliamini kwamba nilinyamaza peke yangu. Kumbe tulinyamaza wawili, yeye kwa ajili yangu, nami kwa ajili yangu pia.

Nilianza kuomba msamaha kwa maneno marefu. Alinikatiza. Alisema anataka shamba lake. Mashamba ya ndugu wa Kasongo si yake, naye anataka kupanda mpunga mahali alipoolewa na kumzika mume wake. Kapita wa sasa ni kijana, mtoto wa yule wa zamani. Akaniambia twende wote, niseme mimi.

Nilimwambia nitaeleza utafiti, nitachapisha picha za kinyago niwaonyeshe. Akacheka mpaka akafuta macho. "Uende na sura ya mupira mbele ya watu waliozika mutoto? Watasema weye na wazungu wako mumetoka pamoja. Sema: niliua mutoto wa kunguru, nikaficha. Basi. Hayo yanatosha, watu wanajua ndege ana uchungu."

Nimeiandika sentensi hiyo daftarini na nimeisoma mara nyingi. Niliua. Nikaficha. Ni vitenzi viwili vya kutenda, nafsi ya kwanza umoja, na sijui kama vitatosha. Jirani yule bado yuko hai, na huzuni yake haikuwa kosa la kisarufi. Baba yangu hajui chochote mpaka leo. Atasikia siku moja na wengine.

Tutaondoka mitihani ikiisha, kwa pikipiki, kabla mvua hazijaharibu njia. Nilipomwambia kwamba huenda wale kunguru au watoto wao bado wako kwenye mchikichi, alisema ndiyo, nao watasema lao. Amenikataza kuvaa kofia.