Zilizopendwa na Nani?

Kila baada ya miezi michache mjadala ule hurudi mtandaoni, na kila ukirudi watu wanauchangamkia kana kwamba ni mpya: Kenya haina saundi yake. Wanaijeria wana afrobeats, Wasauzi wana amapiano, Watanzania wana bongo fleva na singeli. Sisi je? Hapo lazima atokee msee wa kumaliza mchezo, ati sisi kazi yetu ni kuiga, tunarukia kila kinachopita kama makanga anayekimbiza mathree.

Mimi si mwanamuziki. Gita sijui hata linashikwa vipi, na nikiimba bafuni jirani huongeza sauti ya redio. Mimi ni msikilizaji tu. Lakini kusikiliza nako ni kazi, na nimeifanya tangu utotoni, Kayole, katika ploti ya vyumba kumi na sita ambayo kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba hukuwa na uhuru wa kuchagua usikie nini. Ulisikia vyote. Chumba chetu kilikuwa cha Les Wanyika, kwa amri ya Baba. Cha pili kilikuwa cha mama mmoja wa Mombasa, mtu wa taarab. Kule mwisho, karibu na choo, aliishi mzee wa benga. Na usiku, wazazi wakilala, brathe wangu mkubwa alikuwa na redio ndogo ya betri na genge ikicheza chini chini chini ya blanketi.

Tuanze na Baba. Mama akimkemea kuhusu pesa, Baba alikuwa hajibu. Alinyoosha tu mkono akaongeza sauti ya "Sina Makosa". Mama angejaribu kubaki na hasira, lakini gita la rithim la Omari Shabani halikumpa nafasi, na besi ya Tom Malanga ndiyo kabisa. Ile besi haina haraka. Inatembea kama mtu aliyepokea mshahara jana na hana deni dukani. Kabla ngoma haijafika katikati, Mama alikuwa akicheka bila kutaka, na kesi imeahirishwa.

Sasa, ngoma hiyo ni ya nani? Ukoo wa bendi hiyo unaanzia Tanga, kwa ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliopitia Arusha kabla ya kuingia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 70 na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitoa na kuanzisha Les Wanyika. Magita yalikuwa yamesikiliza Kongo kwa makini. Kiswahili kilikuwa cha pwani ya Tanzania. Studio, mabaa na mashabiki walikuwa Nairobi. Na aliyeitumia kujitetea kuhusu pesa za kodi alikuwa mtu wa Vihiga aliyetamka "rumba" kama jina la kijiji cha kwao. Mpasue huyo mtoto uone utampa nani kichwa na nani miguu.

Mzee wa benga hakuwa na shida ya aina hiyo. Kwake dunia ilianza na D.O. Misiani na Shirati Jazz. Yeye ndiye aliyenifundisha, bila kukusudia, jinsi ya kusikiliza gita. Aliniambia nisifuate maneno, maana Kijaluo sikukielewa. Nifuate ule uzi wa juu, gita linaloongoza. Miaka mingi baadaye niliposikia nyatiti ikipigwa peke yake, ile zeze ya Wajaluo yenye nyuzi nane, nikashtuka. Kumbe nilikuwa naijua! Vidole vya wapiga gita wa kando ya ziwa vilikuwa vimeihamisha kutoka kwenye ngozi na mbao hadi kwenye umeme. Kisha benga haikukaa kwao. Ilivuka hadi kwa Joseph Kamaru na Wakikuyu, ikavuka hadi Ukambani kwa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Santuri zake zikafika mpaka Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki huo kanindo, kwa jina la prodyusa Oluoch Kanindo. Muziki wa magita uliokuja kutamba kule unaitwa sungura. Sungura! Neno letu kabisa, huko Harare.

Kwa hiyo nikisikia kwamba hatuna saundi, huwa najiuliza kama tatizo ni saundi au ni masikio. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliingia kwenye chati za kwao na "Helule Helule", wimbo wa Daudi Kabaka. Siku hiyo aliyeiga hakuwa Mkenya.

Lakini sitaki kukimbia neno kuiga, kwa sababu chumba cha pili kilinifunza kulipenda. Yule mama wa Mombasa alikuwa akicheza kanda za Juma Bhalo kila Jumamosi akifua. Brathe akawa anamchokoza: "Mama, hizo si nyimbo za sinema za Kihindi?" Hakukasirika hata kidogo. Alisema ndiyo, tuni ni ya Kihindi, sasa nyamaza usikilize maneno. Na maneno yalikuwa ya Mvita, mashairi ya vina na mizani, mafumbo yaliyofungwa vizuri hivi kwamba mtu angeweza kutukanwa ukumbini akapiga makofi na kutoa tuzo. Bhalo alichukua nguo iliyoshonwa kwingine akaivalisha mwili wa kwao, na mwili ukaipendeza nguo. Kabaka naye alichukua twist akaifanya African Twist. Hakuna aliyeanza na ukurasa mtupu. Swali langu kwa msanii si umetoa wapi. Swali ni: umeiongezea nini ukiwa nayo?

Brathe alikuwa na jibu lake, na lilikuwa Sheng. Mwishoni mwa miaka ya 90, Kalamashaka walitoka Dandora na "Tafsiri Hii", na kwa mara ya kwanza vijana wa Eastlands walijisikia redioni wakiongea kama wanavyoongea. Dandora si mbali na Kayole. Ilikuwa kana kwamba mtu wa ploti ya pili ametoka kwenye taarifa ya habari. Halafu akaja E-Sir, kijana wa South C, mwenye Kiswahili kilichonyooka na mtiririko mwepesi kama maji ya mfereji siku ambayo mfereji una maji. Alifariki kwenye ajali ya barabarani Machi 2003, akitoka kwenye shoo Nakuru, akiwa na miaka 21 tu. Brathe hakula siku hiyo. Mama alidhani ana malaria.

Kisha Calif Records, Clemo, Nonini, Jua Cali. Genge maana yake ni kundi la watu, na kweli ilikuwa muziki wa kundi: biti nzito isiyo na mambo mengi, na hadithi za mtaa zikisimuliwa kama mko kibarazani. Wakosoaji walisema ni kelele. Brathe alisikia mlango uliofunguliwa.

Yeye na wenzake wawili walianza kuandika. Mwaka 2005 waliweka akiba ya vibarua vya mjengo kwa miezi minne, wakalipa studio moja mtaani na kurekodi ngoma mbili. Nilikuwa na miaka tisa, na nilipewa kazi rasmi: kukaa kitandani na kusikiliza mistari, nikichoka niseme. Ngoma ya pili sikuwahi kuichoka. Ilikuwa kuhusu foleni ya maji, mitungi ya manjano inayopangwa tangu saa tisa usiku, na msichana ambaye mtungi wake ulikuwa daima mbele ya wa brathe. Mzaha mtupu, lakini beti ya tatu ilikuwa inageuka na kuanza kuuma, na ukigundua umeumwa ngoma imeisha.

Walipewa sidii moja. Ikachezwa sana ndani ya mathree ya rafiki yao mmoja, ikakwaruzika, ikafa. Waliporudi studio kuomba nakala, waliambiwa kompyuta imeuzwa. Hivyo tu. Hakuna kesi, hakuna risiti, hakuna faili. Mmoja wao siku hizi ni askari wa geti Qatar. Wa pili ana bodaboda. Brathe anachomelea madirisha na mageti kando ya barabara, jua kali ile ya kweli.

Hapo ndipo ule mjadala wa saundi unaponikwaza kwelikweli. Tunahesabu tulichonacho kwa kuangalia kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo sana kuliko kilichoimbwa. Tuna hata jina la kistaarabu la kabati hilo la kumbukumbu: zilizopendwa. Neno tamu, lakini litazame. Limekaa katika wakati uliopita, na limemficha mtendaji. Zilipendwa na nani? Na zile ambazo hazikupata nafasi ya kupendwa na mtu yeyote nje ya njia moja ya mathree, hizo tuziite nini?

Mwaka 2018 Ethic walipotoka Umoja na "Lamba Lolo", na mwaka uliofuata Sailors na "Wamlambez", wazee wa mtandao walilalamika kuhusu matusi. Malalamiko mengine yalikuwa na haki. Kuna ngoma za gengetone ambazo dada yangu hazitaki na sababu zake nazielewa. Lakini nilisikia kitu kingine pia. Nilisikia vijana watatu wanne wa mtaa waliosimama mbele ya kamera bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na safari hii hakuna mtu angeuza kompyuta nao wakapotea. Wameshapakia. Ngoma ikizeeka itazeekea hapo, na mtoto wa 2050 akiitafuta ataipata. Huo si ushindi mdogo kwa mtu aliyetoka ploti yetu.

Na sasa tuko arbantone, ambayo inachukua biti za zamani za genge na dansihol na kuzifufua. Wasee wanauliza tena: huu si uvivu? Mimi namkumbuka mama wa chumba cha pili na kamba yake ya kuanikia nguo. Nyamaza usikilize maneno.

Mwezi uliopita nilipita kazini kwa brathe kumpelekea chakula. Kijana anayemfunza kazi alikuwa ameweka simu ndani ya sufuria ili isikike vizuri, na arbantone fulani ikawa inacheza juu ya biti ambayo mimi na brathe tunaijua kama njia ya kwenda nyumbani. Brathe alikuwa ameinama, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka. Akaanza kuimba. Si maneno ya yule kijana wa kwenye simu. Yalikuwa yake. Foleni, mitungi, msichana.

Beti ya kwanza. Beti ya pili. Nikawa namfuata kwa midomo, kama zamani kitandani. Beti ya tatu akakwama, akazima mashine, akanitazama. Nikaimalizia.

"Si hivyo," akasema. "Ni 'mtungi wangu', si 'mtungi wako'. Ukikosea hapo haiumi."

Yule kijana akauliza hiyo ngoma ni ya nani, aitafute. Brathe akashusha miwani.

"Huwezi kuipata," akamwambia. "Shika hiyo bomba vizuri."

Nilimwambia simu yangu inarekodi vizuri, haichukui hata dakika tano. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Aliuliza kama nimeleta pilipili.