Forodhani, sahani moja ya samaki

Jioni pale Forodhani, Unguja, moshi wa mishkaki hukupokea kabla hujaiona bahari. Zamani nilikuwa namaliza sahani mbili na kushushia juisi ya miwa. Safari hii nilirudi na wanangu, miezi minne baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, na harufu ya mafuta peke yake ilinitia kichefuchefu.

"Mama, huli?" mdogo akauliza.

"Nakula, mwanangu, ila polepole."

Tukasogea upande wa upepo, nikaagiza samaki wa kuchoma. Kipande kidogo, natafuna hadi kinalainika, natulia, ndipo kingine. Maji sikugusa, niliambiwa nisubiri nusu saa baada ya kula. Juisi ya miwa nayo niliipita, maana sukari nyingi sasa huniletea jasho na kizunguzungu.

Kipande cha sita, kifua kikabana. Zamani ningelazimisha. Nikawasogezea wanangu sahani, wakaigombania.

Mzazi mwenzangu, dalili hiyo ikija, acha hapo hapo. Ukitapika mfululizo, hata maji hayakai, usivumilie: rudi kwa daktari.