Besi la Mjomba

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Prodyuza wa Dar amejibu. Biti iko tayari. Nije mwenyewe tu, niingize sauti, nirudi zangu. Gitaa na besi vitatoka kwenye kompyuta. Nimeusoma ujumbe kituoni, malori ya korosho yakipita kwenda Mtwara. Mwenyewe tu. Na mjomba, na besi lake, je?

Alhamisi, 10 Oktoba
Silali. Remmy Ongala masikioni tangu saa mbili: Songs for the Poor Man, ile ya 1989. Nimekua nayo kwenye kaseti ya mjomba, kaseti iliyochoka, sauti zote zimelala chini. Usiku huu ndipo nasikia magitaa hayapigi kitu kimoja. Hili linauliza, lile linajibu kabla swali halijaisha, besi linatembea chini yao bila haraka. Na Remmy katikati, na sauti yake ile ya kukwaruza, hagombanii nafasi na mtu. Ukimtoa mmoja tu, nyumba yote inakuja chini.

Wimbo wa Kipenda Roho nimeurudia mpaka chaji imekwisha.

Kilichonikaa rohoni: lebo ya Real World, ya Peter Gabriel, kule Uingereza. Studio yao iko kijiji cha Box, ndani ya kinu cha zamani cha maji. Na Remmy aliirekodi albamu hiyo na bendi yake, Super Matimila. Mtu kazaliwa Kindu, Kongo, kaja Dar mwaka 1978 kupiga na bendi ya Makassy, Sinza ikawa kwao hata kituo cha daladala kikaitwa kwa Remmy. Akavuka bahari na wenzake, akawaimbia Wazungu Kiswahili kilekile. Hakwenda mwenyewe tu.

Jumapili, 20 Oktoba
Baada ya misa nimepita kwa mjomba.
“Shikamoo mjomba.”
“Marahaba, mwanangu. Umekula mabibo wewe. Koo limekaza.”
Ameng'amua kwa neno moja! Kanipa maji ya uvuguvugu, kakataa niimbe.

Tukaongea Redio Tanzania. Enzi hizo bendi inaingia studio nzima, tumba, tarumbeta, waitikiaji, mnapiga pamoja. Akiteleza mmoja mnaanza upya. Sahani zenyewe zilitengenezwa Nairobi, maana nchini hapakuwa na kiwanda. “Ndiyo maana tulisikilizana,” anasema. “Unamwogopea mwenzio.”

Nimemwonesha ujumbe wa Dar. Kausoma taratibu, kanirudishia simu, kaanza kukaza nyuzi za besi. Hakusema neno. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 2 Novemba
Leo Somi. Huyu ni mwimbaji wa jazi hasa, wazazi wake wa Rwanda na Uganda, yeye kazaliwa Marekani. Albamu ya 2017, Petite Afrique. Mtaa wa 116, Harlem, New York: wahamiaji wa Afrika Magharibi, maduka yao, teksi zao, na pango linalopanda mpaka wanahama. Na kumbe alikwenda kuwahoji madereva teksi! Sauti zao amezitia humo humo, katikati ya nyimbo. Mtu anaongea tu, halafu piano inaingia, na wewe tayari unamjua anayeimbiwa.

Nikatoka na simu. Nimenasa sauti za wauza korosho wakilikimbilia basi la Masasi. Kengele ya abasia ya hapa kwetu. Mama wa ming'oko, ile mizizi ya porini, anayecheka kwa pumzi ndefu (nimemwomba ruhusa, kasema chukua, mradi jina lake nisiliweke). Sasa malori hayaniudhi. Yapite.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimemwandikia prodyuza: Asante kaka, sitakuja. Naimba na watu wangu. Mkono ulitetemeka, nikatuma.

Mama: “Hela ya korosho unaiingiza kwenye magitaa?” Nikanyamaza. Usiku kanisukumia bahasha chini ya mlango. Sijui niandike nini hapa. Maikrofoni tutakodi Masasi, na kijana wa kuziendesha.

Jumanne, 3 Desemba
Mazoezi yamekwenda vibaya leo. Mpiga solo kachelewa, umeme umekatika, mimi nimepandisha sauti mno kwenye kiitikio kwa sababu ya wasiwasi. Mjomba kaniambia nishushe, nimsikie yeye kwanza ndipo niingie. Nimeudhika kutwa. Na anasema kweli.

Ijumaa, 13 Desemba
Miaka 14 leo tangu Remmy atutoke. Mjomba kalitaja hilo mara moja tu, akiunga waya.

Leo tumerekodi. Wote chumba kimoja, magodoro ukutani, madirisha wazi kwa joto. Wimbo wa kwanza ukavunjika katikati. Tukaanza upya. Mara hii besi likaingia, nikamsubiri mjomba, nikamsubiri tena, na neno likatoka lenyewe chini kabisa, mahali ambapo sikujua ninapo. Kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, mpiga tumba kasimama wima! Lori likapita na honi ndefu, nikadhani tumekwisha. Kijana wa maikrofoni akainua kidole: endeleeni.

Tumesikiliza. Honi imo, na waitikiaji wanasikika wakicheka. Naipenda. Mungu wangu, naipenda.

Mjomba hajaridhika na mwisho. Anataka chemko iwe ndefu zaidi. Kesho saa tatu asubuhi, kabla mvua haijagonga bati. Nyuzi za solo zimebaki seti moja. Nimpigie mpiga tumba, asije na njaa.