Pua Imezoea

Jumatatu, 6 Mei 2024

Nimerudi kwenye banda la vifaranga baada ya siku mbili za mapumziko, na kifua kimebana. Ndiyo kawaida yake kila Jumatatu. Juzi nilipanda kilima hadi Luzira bila kutweta. Mwenzangu wa Kasese anasema uvivu ndio unanitoka, na huku yeye hacheki bila kukohoa.

Ziwa limejaa tena kama 2020. Sakafu yetu inatoa maji kwa chini, makapi ya kahawa tuliyomwaga kabla ya mapumziko yamegandamana. Ukiyapindua kwa koleo, ile harufu ya mkojo inakuchoma hadi machoni.

Jumatano, 8 Mei

Mvua usiku kucha. Mama mwenye banda ameagiza turubai zishushwe pande zote, vifaranga wasipigwe na upepo wa ziwani. Ndani kuna majiko mawili ya mkaa. Nimeingia saa moja asubuhi, kichwa kikaanza kugonga. Baada ya nusu saa sinusi kitu. Nilipokuja kutoka Mwanza nilidhani harufu ikipotea hewa imesafika. Kumbe pua imechoka.

Ijumaa, 10 Mei

Vifaranga wanakoroma, macho yamevimba. Daktari wa mifugo kafika kwa bodaboda kabla chai yangu haijapoa. Mimi nina mwezi wa pili nakohoa.

Hakumshika kifaranga hata mmoja kwanza. Alichuchumaa, uso wake usawa wa vichwa vyao, akaanza kuhesabu sekunde kimoyomoyo. Machozi yakamtoka.

“Unasafisha vinywesheo ukiwa umeinama hapa?”

“Kutwa, Daktari.”

Akasema kinyesi kikilowa, vijidudu vinakivunja na kutoa amonia, na kwa mtu wa zamu ya muda wa saa nane wataalamu wanataka isizidi sehemu 25 katika milioni ya hewa. Vumbi la makapi na manyoya ni balaa la pili. Mkaa ukiwaka nao hutoa hewa ya sumu isiyonuka kabisa. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Jumamosi, 11 Mei

Turubai zimeachwa wazi shibiri mbili kwa juu. Tumetoa magunia kumi na manne ya makapi mabichi, vinywesheo tumevinyanyua visimwagike. Nikamwomba Mama barakoa. Sheria ya Uganda ya usalama kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atupe, ila sikuitaja. Kibarua ni kibarua.

“Mwanangu, zile za korona mlizipeleka wapi?”

Nimefunga leso.

Jumanne, 14 Mei

Vifaranga wamepona, wala hawakoromi. Usiku namsikia mwenzangu vizuri sasa, ng'ambo ya mabati.