Barua kutoka Louisville: Mwenye shoto nyuma ya mpigaji



Mgeni anayefika katikati ya jiji la Louisville, Kentucky, hana haja ya kuuliza njia ya kwenda makumbusho ya Louisville Slugger. Kwenye Mtaa wa Main limeegemezwa ukutani gongo la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 36, limepita paa la jengo lenyewe. Hili ni jiji la kuchonga magongo ya besiboli tangu karne ya 19. Na hilihili ndilo jiji walimotua Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, watu wa Uvira, Fizi na Bukavu, baadhi yao wakiwa wamepitia miaka ya kambini Nyarugusu, Kigoma. Kiswahili sasa kimo katika orodha ya lugha kubwa za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika shule za umma za hapa. Wazazi wanaongelea mpira wa miguu; binti zao wanarudi nyumbani na vumbi jekundu la softiboli kwenye soksi.

Softiboli ni mdogo wake besiboli, ila mpira wake ndio mkubwa. Mchezo ulianza Chicago mwaka 1887, Siku ya Shukrani, ndani ya ukumbi wa Farragut Boat Club, kwa glavu ya ndondi iliyofungwa ikawa mpira na mpini wa fagio ukawa gongo. Leo mpira wa softiboli una mzingo wa sentimita 30, wakati wa besiboli una 23. Besi, yaani vituo anavyokimbilia mpigaji, zimetengana kwa mita 18 badala ya 27, na mrushaji huzungusha mkono na kuuachia mpira kutoka chini, usawa wa nyonga. Marekani umekuwa hasa mchezo wa wasichana, na ulipata nguvu baada ya sheria ya Title IX ya mwaka 1972, iliyozuia shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wanafunzi kwa jinsia. Vyuo vikuu hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wazuri. Mzazi akishasikia neno ufadhili, utamwona uwanjani kila Jumamosi, hata kama hajui nani anashinda.

Mmoja wa wasichana hao ana miaka 11, familia yake ni ya Uvira, na ana shoto. Anataka kuwa mdakaji. Huyo ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amefunikwa helmeti yenye wavu, kikinga kifua na vikinga ugoko, akipokea kila mpira ambao mpigaji ameukosa. Ni kazi ya jasho na magoti. Pia ndiyo kazi ya kuuona uwanja wote ukiwa mbele yake, kupanga wenzake kwa sauti na kurusha mpira kwenye besi ambayo mkimbiaji anajaribu kuiiba, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa. Msichana huyu haogopi mpira, na sauti anayo, tena ya kutosha timu mbili. Kocha wake wa kwanza alimtazama, akatazama mkono anaourushia, akampeleka besi ya kwanza. Wenye shoto hawadaki, akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kocha hakujitungia. Katika besiboli ya kulipwa jambo hili limekuwa kama sheria isiyoandikwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Jack Clements, aliyecheza kuanzia 1884 hadi 1900, hasa Philadelphia, ndiye mwenye shoto pekee aliyefikisha mechi zaidi ya 1,000 za udakaji katika ligi kuu. Baada yake waliopata nafasi walikuwa wa kubahatisha, kama vile Dale Long mechi mbili mwaka 1958, Mike Squires mbili mwaka 1980, Benny Distefano wa Pittsburgh tatu mwaka 1989. Wote watatu makao yao yalikuwa besi ya kwanza.

Hata Babe Ruth, mchezaji wa besiboli ambaye Wamarekani humtaja hadi leo, alianza kama mdakaji mwenye shoto katika shule ya Mtakatifu Maria ya Baltimore, alikopelekwa mwaka 1902 akiwa mtoto mtukutu. Shule haikuwa na glavu ya mwenye shoto. Akavaa ya wenzake mkono wa kushoto, akadaka, akaivua haraka, kisha akarusha kwa mkono uleule. Baadaye wakubwa wakaona ule mkono una nguvu, wakamfanya mrushaji. Na hapo kuna sehemu kubwa ya jibu: kijana mwenye shoto na mkono mzuri hunyakuliwa kwenda kurusha kabla hajapata nafasi ya kuchuchumaa.

Sababu za kiufundi zipo, na si za kupuuzwa. Mdakaji humtazama mrushaji. Besi ya tatu iko kushoto kwake, ya kwanza kulia. Anayerusha kwa kulia akitaka kupeleka mpira besi ya tatu, bega lake la kushoto tayari limeelekea huko. Mwenye shoto inambidi ageuze mwili mzima ili bega la kulia litangulie, na mpigaji wa mkono wa kulia amesimama palepale, upande wa mkono unaorusha. Tena mkimbiaji anayetoka besi ya tatu kuja nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, hufikia upande wa kushoto wa mdakaji. Mwenye glavu kushoto ananyoosha tu na kumgusa. Mwenye shoto anavuka na glavu mbele ya mwili wake. Sekunde inayopotea ni ndogo, lakini mchezo huu unahesabu sekunde ndogo.

Ila hoja hizo zilikuzwa kwenye uwanja wa besiboli, na softiboli ya watoto ina uwanja wake. Kutoka nyumbani hadi besi ya pili ni karibu mita 26, wakati besiboli inakaribia 39. Mkimbiaji wa softiboli haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira umtoke mrushaji mkononi, kwa hiyo hajisogezi mapema kama wenzake wa besiboli. Na wapigaji wengi wa softiboli husimama kwa makusudi upande wa mkono wa kushoto, ulio karibu zaidi na besi ya kwanza, wakaugusa mpira huku tayari wanakimbia. Akija mpigaji wa namna hiyo, njia ya kwenda besi ya tatu iko wazi kwa mdakaji wa mkono wowote. Besi ya kwanza ndiyo inayobadilisha hesabu kabisa. Mkimbiaji akitoka hatua tatu nne kisha akasita, mwenye shoto humrushia mwenzake bila kugeuza kiuno, bega lake la kulia likiwa limeshaelekea huko. Kwa wasichana wa miaka 11, ambao wengi bado hawawezi kuufikisha mpira besi ya pili bila kudunda, kuanza kuwakataza kwa sababu ya mkono ni kuwaonea.

Kocha wa timu yake ya pili alikubali kumjaribu msichana huyo. Ndipo ikaja shida ya vifaa.

Helmeti haina kulia wala kushoto. Vikinga ugoko ni vya kila mguu na upande wake, hilo halihusiani na kurusha. Kikinga kifua kinataka jicho kidogo: vingine vina kipande cha ziada cha kufunika bega moja, kwa hiyo baba alishauriwa achague chenye kipande kinachoweza kufungwa upande wowote. Seti ya mtoto ilipatikana kwa chini ya dola 200. Glavu ndiyo iliyowazungusha mji mzima.

Glavu ya mdakaji haina vidole vilivyoachana. Ni mto mzito wa ngozi wenye mfuko. Hupimwa kwa kuzungushia futi pembeni, ndiyo maana imeandikwa inchi 33 au 34, wakati glavu ya kawaida hupimwa kwa urefu, kutoka kwenye kisigino cha kiganja hadi ncha ya kidole, ikasomeka 12. Baba aliliona 33 akadhani ni ya jitu. Ya besiboli mfuko wake ni wa kina kifupi, na mpira wa softiboli huruka nje, kwa hiyo aliyeambiwa anunue yoyote atatupa fedha. Kisha mkono. Kibandiko husema ni glavu ya anayerusha kwa mkono gani, si ya kuvaliwa mkono gani, na duka moja kubwa lilimwagizia ya kinyume, akairudisha. Rafu za wadakaji zilijaa za kulia tupu. Wenye shoto walikuwa na glavu nyingi za besi ya kwanza, kwa kuwa huko ndiko wanakopelekwa wote.

Wengine hudakia hizohizo za besi ya kwanza, na kwa watoto wadogo zinafaa. Lakini kiganja cha glavu hiyo ni chembamba, na mpira wa kilomita 70 kwa saa ukirudiarudia mahali pamoja, mkono unavimba. Mwishowe glavu ya mdakaji iliagizwa mtandaoni, inchi 33, kwa bei iliyomfanya mama aulize kama ndani yake mna ng'ombe mzima. Ilifika ngumu kama ubao. Jioni kwa jioni baba aliipaka mafuta ya ngozi, akaigonga mfuko kwa nyundo ya mbao, akaweka mpira ndani na kuifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli ilale hivyo.

Duka hujaza rafu kwa kinachouzika, kocha humpanga aliye na glavu, na mtoto asiyeipata hahesabiwi kama mteja. Uchunguzi uliokusanya takwimu za zaidi ya watu milioni mbili, uliotolewa mwaka 2020, ulikadiria wenye shoto kuwa asilimia 10.6 ya watu. Kwenye timu ya wasichana 12, huyo ni mmoja, na ni yuleyule anayeambiwa kwamba glavu yake haina soko.

Bibi yake, kwa simu ya video kutoka Uvira, alikuwa na swali lake: mbona hamkumzuia mtoto huyu kutumia kushoto angali mdogo? Mjukuu akamwonyesha glavu, imevaliwa mkono wa kulia. Bibi akaridhika kwamba angalau mkono wa heshima unafanya kazi ya kupokea.

Msimu wa masika umeshaanza, na msichana hudaka mechi moja kati ya mbili, akipokezana na mwenzake anayerusha kwa kulia. Mdogo wake wa miaka minane amekwisha kujipimia helmeti na vikinga ugoko, na vyote atavirithi. Yeye hana shoto. Baba ameanza kuuliza kwenye maduka ya mitumba nani atainunua glavu hii ikishakuwa ndogo, na ile ya kulia itagharimu kiasi gani.